Maksi Zangu Ziko Chini ya Ulinzi

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa chapati kabla hujanisoma, usijali. Mkasa wangu ni rahisi kuusimulia. Kuuishi ndiko kunakoua.

Mimi ni Sumayiya Oloya. Nimesomea shahada ya maabara ya tiba katika chuo kimoja hapa Kampala ambacho mhariri amenikataza kukitaja. Mitihani nilifanya yote. Lakini matokeo yalipobandikwa, somo la damu halikuwa na maksi mbele ya jina langu. Si kwamba nilianguka. Palikuwa patupu tu, kana kwamba siku ile sikuonekana katika chumba cha mtihani.

Mwalimu wa somo hilo ni Madam Joska. Aliugua katikati ya kusahihisha, akapeleka karatasi zetu nyumbani kwake Kyebando. Karatasi za wenzangu zilirudi chuoni, yangu haikurudi. Nilimtafuta mpaka nikampata, akaniambia kwa mkato nije Ijumaa asubuhi, atakuwa ameipindua nyumba nzima. Ijumaa hiyohiyo, saa kumi na moja jioni, ofisi ya msajili ilikuwa inafunga orodha ya mahafali. Ambaye hayumo angengoja mwaka mwingine.

Na mimi mwaka mwingine sina. Baba yangu ni koplo wa polisi, anastaafu mwisho wa mwezi, na akistaafu tunatoka kwenye nyumba ya kambi. Kuna maabara ya daktari mmoja Old Kampala wameniwekea nafasi, lakini wanataka mtu aliyehitimu. Maelezo hawataki, nimeshajaribu.

Basi Ijumaa nikafika Kyebando, nikakuta gari la polisi limesimama mbele ya geti la Madam Joska. Aliyekuwa amemshika Madam mkono, akimwongoza kwenye gari, alikuwa baba yangu mzazi. Hapo ndipo tulipoachana wiki jana.

"Baba!" nikapiga kelele. "Unafanya nini?"

Hakugeuka.

"Alanyo, simama mbali. Hii iko kazi."

Niseme hapa ili usichanganyikiwe. Baba hajawahi kuniita Sumayiya hata siku moja. Hilo ni jina la mama, Mnubi wa Bombo, ambaye alinipeleka kwa shehe nikiwa mchanga. Alanyo ni jina alilonipa baba, Mwacholi na Mkatoliki, jioni ya siku hiyohiyo bila kumwuliza mtu. Waliona afadhali waishi hivyo kuliko kugombana. Chuoni na kwenye vyeti vyote mimi ni Sumayiya. Nyumbani naitika yote mawili.

Madam Joska alikuwa amevaa gauni la nyumbani na kiatu mguu mmoja. Kwapani amebana mkoba mweusi wa ngozi. Aliniangalia, akamwangalia baba.

"Oloya," akaniita kwa jina la ukoo, kama walimu wetu wanavyofanya. "Huyu mtu unamjua?"

Nilitamani kusema simjui. Nasema kweli, nilitamani.

"Ni baba yangu, Madam."

"Ahaa. Mimi nilikwambia uje, sikukwambia ulete kambi nzima."

"Mama, panda gari," baba akasema.

"Kwa kosa gani?"

"Karatasi ya mutoto yangu imepotea. Nani alikuwa nayo mwisho? Ni wewe. Basi, panda."

Kwa mtu ambaye hakulelewa kambini, maneno hayo yanasikika kama wazimu. Kwetu ni sheria. Kambini kikipotea kitu, iwe sufuria, redio au kuku, hakuna anayehangaika kuuliza nani kaiba. Anashikwa aliyekuwa nacho mwisho, anakalishwa kaunta, na kabla ya jua kuzama kitu kimerudi. Sijawahi kuona kitu kisichorudi.

Siku moja kabla, nilikuwa jikoni namlilia mama. Baba alikuwa mlangoni anang'arisha viatu vyake. Hakutia neno. Nilidhani hasikilizi, kumbe anapanga operesheni.

"Baba, nakuomba. Mwache huyu mama. Ataniharibia."

"Atakuharibia nini? Amekwisha kuharibia. Sasa atatengeneza."

Nikarukia nyuma ya gari kabla hawajaondoka. Konstebo aliyekuwa pale alitaka kunishusha, baba akampungia mkono aniache. Madam Joska alikaa kando yangu na kiatu chake kimoja, mkoba juu ya mapaja. Mimi nikaanza kumwomba radhi kwa lugha zote ninazozijua.

"Oloya, nyamaza kwanza," akasema.

Tulipokata kona ya pili, akainama mbele, akamwambia baba sentensi ndefu kwa Kiacholi huku akionyesha mkoba kwa kidevu. Kiacholi changu kinaishia kwenye salamu. Kambini tunaongea Kiswahili, na mama anatugombeza kwa Kinubi. Niliona tu shingo ya baba ikikakamaa.

"Anasema nini?"

"Mambo ya kazi."

"Baba, anasema nini?"

"Nimesema kazi!"

Gari likaendelea.

Kituoni, konstebo wa kaunta akafungua kitabu na kuuchukua ule mkoba. Akaufunga kwa kamba, akaning'iniza kikaratasi chenye namba. "Egzibiti," akasema, na kuubeba kuupeleka stoo.

Hapo ndipo Madam Joska alipopandisha. Alisomea shahada yake ya pili Dar es Salaam, na hasira zikimpanda Kiswahili chake kinanyooka kabisa.

"Koplo! Nimekueleza kwenye gari, nikakueleza kwa lugha ya mama yako! Karatasi ya binti yako imo humo mkobani! Mnaipeleka wapi?"

Nilishika kaunta kwa mikono miwili.

"Madam, umeipata?"

"Nimeipata jana. Ilijichanganya na picha zangu za eksirei za hospitali. Nimeisahihisha. Umefaulu, Oloya, tena umefaulu vizuri sana. Nilikuwa navaa viatu nikupeleke kwa msajili, baba yako akaingia."

Jamani, nimefaulu. Nikataka kumkumbatia Madam, nimkumbatie na yule konstebo. Kisha nikasikia kufuli la stoo linafungwa.

"Fungua," nikamwambia konstebo. "Tafadhali, ssebo, fungua. Karatasi yangu iko ndani."

"Haifunguki, nnyabo. Kitu ikishaandikwa egzibiti inangoja kesi."

"Kesi gani? Kitu chenyewe si kimepatikana?"

"Hiyo utamuuliza OC, mukubwa wa kituo."

"OC yuko wapi?"

"Ameenda mukutano."

"Anarudi saa ngapi?"

Konstebo akainua mabega.

Nikamgeukia baba. Sikumwamkia na sikumheshimu. Nilimshika shati la kazi, hapo kifuani penye vifungo, mbele ya watu.

"Ulijua! Kwenye gari alikwambia, ukajua, na bado ukatuleta hapa!"

Baba alinitoa mikono polepole.

"Nilikuwa nimeshapiga redio," akasema. "Nimeripoti naleta mushukiwa. Sasa nimwache njiani? Wanasema nini? Wanasema Oloya amekula kitu kidogo. Mwezi wa mwisho, Alanyo. Mwezi wa mwisho wanisemee hivyo?"

Na lilikuwa kweli. Koplo anayemwachia mtu njiani hakuna atakayeamini kwamba alimwachia bure.

Tukakaa kwenye benchi: Madam upande mmoja, baba upande mwingine, mimi katikati. Asubuhi ikaisha. Ikapita sala ya Ijumaa, wakaja watu wa bodaboda iliyogongwa, wakaja mume na mke na blenda waliyokuwa wanagombania. OC hakuja.

Simu ikalia. Mama.

"Sumayiya, mwanangu, umeshapata?"

"Bado kidogo, mama."

"Gurbaba yangu ya kuvaa mahafali imetoka kwa fundi, ya rangi ya machungwa. Wanawake wa Bombo wamemaliza kusuka makawa ya kufunikia chakula. Nimewaambia watu wa hema waje Jumamosi ile ya mahafali. Baba yako hajaonekana tangu asubuhi, unajua yuko wapi?"

Baba akanitikisia kichwa kwamba nisiseme.

"Yuko kazini, mama."

"Mungu ambariki. Mwambie nimemwekea chakula."

Nikakata simu nikalia. Madam Joska akanipa kitambaa chake bila kuniangalia.

"Ukimaliza, kifue," akasema. "Si cha zawadi."

Haikupita muda, simu nyingine. Bonny, msichana tuliyesoma naye, yuko ofisi ya msajili.

"Sumayiya, uko wapi wewe? Wameanza kufunga! Karani anasema asiyekuja na mwalimu wake na karatasi yake mkononi asimsumbue!"

"Mwambie anakuja."

"Nani anakuja? Mko wapi?"

"Polisi."

"Mnafanya nini polisi?"

Nikakata simu. Ningemjibu nini?

Nitakiri jambo ambalo mama akilisoma litamuumiza. Pale benchini nilimchukia baba yangu. Sisemi nilimkasirikia, kukasirika ni kitu kidogo. Nilitamani OC akija amfunge yeye, anipe mkoba wangu, niondoke bila kugeuka. Niliwaza hivyo bega langu likiwa limegusana na bega lake.

Sijui kama alihisi. Akaanza kuongea huku anaangalia sakafu.

"Unajua OC wetu? Ocira. Aliletwa kwangu hajui hata kugeuka nyuma. Mimi ndio nilimufundisha gwaride. Kushika bunduki, mimi. Kuandika kitabu cha kaunta, mimi. Sasa mimi bado koplo, yeye ni Afande. Kwa nini? Alivaa ile joho na ile kofia ya pembe."

"Baba, sasa hivi sitaki kusikia..."

"Ngoja. Kila mara wanaleta kijana wa digrii, namufundisha, kisha namupigia saluti. Sikatai, ni kazi. Lakini nikasema, kabla sijatoa hii unifomu, mimi nitapiga saluti moja kwa mutoto yangu. Siku hiyo amevaa joho, mimi niko ndani ya unifomu. Ukingoja mwaka mwingine, unifomu nimesharudisha stoo. Nitakupigia saluti na shati gani?"

Chuki yangu ikakosa pa kukaa. Madam Joska alijifanya anasoma bango la ukutani.

Saa kumi ilikuwa imepita ndipo gari la OC lilipoingia. Baba akasimama wima na saluti ikapigwa. Afande Ocira alikuwa kijana, mrefu, miwani machoni, uso wa mtu ambaye hajala. Akatuangalia sote watatu, akamwangalia Madam na kiatu chake kimoja.

"Ofisini," akasema.

Tukaingia. Akaleta kitabu cha kaunta na faili jembamba, akasoma kimya. Mimi sikuvumilia.

"Afande, naomba. Mkoba wa Madam una karatasi yangu ya mtihani. Saa kumi na moja msajili anafunga. Tafadhali tupe tuondoke, kesi hakuna, kitu kimeonekana."

"Kesi ipo." Akagonga faili kwa kidole. "Kuna malalamiko. Mlalamikaji ni binti wa Koplo Oloya, anasema mwalimu wake ameiba karatasi yake. Tena imetiwa saini. Mlalamikaji si ni wewe?"

Mimi sijatia saini malalamiko yoyote. Sijawahi hata kukaribia kaunta ile kabla ya siku hiyo.

Nikamwangalia baba. Alikuwa anaangalia dari.

Wewe uliyelelewa na polisi umeshaelewa. Mtu hakamatwi bila mlalamikaji. Baba alihitaji mlalamikaji, na mimi angeniomba ningekataa. Kwa hiyo akaniandikia, na saini akanitilia yeye.

"Binti," OC akasema, "nimeuliza. Mlalamikaji ni wewe?"

Kabla sijafungua mdomo, baba akapiga hatua mbele, akabana visigino.

"Afande, si yeye. Hajui kitu. Nimeandika mimi. Saini nimetia mimi."

"Koplo," OC akasema kwa sauti ndogo, "fikiri kabla hujasema."

"Nimefikiri tangu asubuhi."

Akafungua mkanda wake, akauviringa, akauweka juu ya meza. Akainama, akafungua kamba za viatu, vile viatu alivyoving'arisha siku ile nikilia jikoni. Akaviweka kando ya mkanda, sawasawa, kama anavyowawekea wafungwa wake. Akavua kofia. Kwenye soksi ya kushoto kidole gumba kilikuwa kimetoka nje.

"Nitie selo, Afande. Huyu mama mupe mukoba yake, aende na mutoto. Wakipanda boda watafika."

Jamani, ningesahauje soksi ile? Nilikuwa nimetamani wamfunge. Sasa yuko pale, amejivua mwenyewe, na mimi nataka ardhi inimeze.

Afande Ocira alivua miwani akaifuta. Aliifuta muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji.

"Koplo, wewe ndiye ulinifundisha kazi hii," akasema. "Kwa hiyo unajua. Ukisema umeghushi saini na kumkamata mtu kwa malalamiko ya uongo, hiyo ni kesi mpya. Kesi yako. Na mkoba?"

Baba akatazama viatu vyake juu ya meza.

"Niambie. Mkoba unakuwa nini?"

"Egzibiti," baba akasema.

"Egzibiti ya kesi yako. Unabaki stoo mpaka uhukumiwe. Na pensheni yako inabaki huko huko."

Nilimwona baba anazeeka mbele ya macho yangu. Alitaka kunikomboa, akanifunga mara ya pili. Mikono yake ikaenda kwenye viatu kuvichukua, ikarudi bure.

"Mimi sina kesi na mtu," Madam Joska akasema. "Nataka mkoba wangu na kiatu changu kilichobaki nyumbani."

"Madam, haitegemei wewe. Mkuu wa chuo chenu amepiga simu mpaka makao makuu. Hapo nilipokuwa ndipo nilipoulizwa kwa nini kituo changu kinakamata walimu. Lazima niwe na jibu kwenye karatasi."

"Na mlalamikaji akiondoa malalamiko yake?" Madam akauliza.

OC akamtazama.

"Mlalamikaji wa kweli akija akasema amekosea, kitu chake kimeonekana, anaondoa, basi imekwisha. Nafunga faili. Koplo alifanya kazi kwa malalamiko halali, nitamgombeza tu. Mkoba unatoka sasa hivi." Akaweka kiganja juu ya faili. "Lakini awe wa kweli."

Madam Joska akanitazama mara moja tu, halafu akageuza uso dirishani. Ni mwanamke anayemfukuza mwanafunzi kwa kuchungulia karatasi ya jirani. Uso wake ulikuwa unaniambia kwamba hatakuwa ameona kitu.

"Afande," nikasema, "saini ni yangu."

"Alanyo!" baba akasema.

"Nyamaza, baba." Nikamgeukia OC. "Nilikuja mwenyewe. Nilikuwa na hasira na Madam, nikaandika. Baba anajisingizia ili nisipate aibu. Nimekosea, karatasi imeonekana, naondoa malalamiko yangu."

Afande Ocira hakufurahi na hakukasirika. Akafungua faili, akaangalia chini ya ukurasa, mahali palipokuwa na saini. Kisha akapafunika kwa kiganja kizima, vidole vimebanana. Akatoa karatasi nyeupe kwenye droo, akaisukuma mbele yangu, na kalamu juu yake.

"Baba anasema ni yake. Binti anasema ni yake. Mmoja ananidanganya, na mimi leo nimeshadanganywa vya kutosha." Akaangalia saa ya ukutani. "Andika jina lako hapo, kama ulivyolitia kwenye malalamiko. Yakilingana, mnaondoka na mkoba. Yasipolingana, Mungu anisamehe, mnalala ndani wote wawili, baba na mtoto."

Nikachukua kalamu.

Mwandiko haukunitisha. Baba ndiye aliyenifundisha kuandika, kwa chaki, juu ya sakafu ya nyumba ya kambi, kabla sijaanza shule. Herufi zangu ni zake, mpaka ule mkia anaouvuta mwishoni. Mwalimu mmoja wa sekondari aliwahi kunipiga akidhani barua ya mzazi nimeiandika mwenyewe.

Kilichonitisha ni jina.

Huyu aliyekaa kaunta akaandika malalamiko yangu alikuwa koplo Oloya, mtu wa kanuni, anayejua kwamba kitambulisho changu na chuo changu vinasema Sumayiya? Au alikuwa baba yangu, ambaye kwa maisha yangu yote hajalitamka jina hilo hata akinituma chumvi?

Nikamwangalia anisaidie. Alikuwa amesimama kama yuko gwarideni, macho mbele, soksi sakafuni. OC alikuwa hambandui macho. Angepepesa tu, tumekwisha.

Simu ikatetemeka mfukoni mwangu. Bonny tena, au mama na gurbaba yake. Sikuigusa.

Nikafikiria jikoni, mimi nalia, yeye anang'arisha viatu na kusikiliza kila neno. Aliyetoka pale asubuhi akaja kaunta hakuwa anafikiria kitambulisho.

Nikaweka kalamu kwenye karatasi. Nikaandika A. Nikaendelea mpaka mwisho: Alanyo Oloya. Nikauvuta na mkia.

Nyuma yangu nikasikia baba anavuta pumzi moja ndefu, na sikuweza kujua ni ya nafuu au ya msiba.

Afande Ocira akaisogeza karatasi yangu kando ya faili, akavaa miwani yake, akainua kiganja. Tuachane hapo mpaka wiki ijayo.